Sisi Tuliopima kwa Kibaba

Sisi wanawake wa Sangailu ambao leo tunaitwa ayeeyo, yaani bibi, hata na vitoto tusivyovizaa, tumeupima mchele kwa njia nyingi kuliko rika lolote lililotutangulia katika nchi hii ya Ijara. Mama zetu waliujua kwa kibaba na pishi. Tulipokuwa wasichana tukaukuta madukani ukiuzwa kwa ratili. Tulipoolewa ikaja kilo. Ukame ulipotupiga tukapanga foleni mbele ya kopo la msaada, na sasa, katika uzee wetu, tunawaona binti zetu wakinunua pakiti iliyokwisha kupimwa kiwandani, imefungwa na kuandikwa uzito wake ubavuni. Mabadiliko hayo yote yameingia katika umri wa watu wa rika moja. Naandika kwa niaba yao, walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kwa sababu nimeona kwamba vijana wetu, pamoja na elimu waliyoipata ambayo sisi hatukuipata, wanataabika mahali ambapo sisi hatukutaabika. Kilo wanaijua vizuri. Lakini ukimuuliza mmoja wao kilo hiyo ni vikombe vingapi, itataka maji kiasi gani na itashibisha watu wangapi, hunyamaza kidogo, kisha huitafuta simu yake.

Mchele haukuwa chakula chetu cha kila siku. Tulilelewa kwa maziwa, na nyama siku ilipopatikana, na nafaka ilikuja kuziba pengo pale ng'ombe walipokauka. Mchele ulikuwa chakula cha mgeni, cha harusi, cha Idi na cha siku ya kumsomea marehemu. Ulitoka mbali: ulipanda kutoka Lamu na pwani ya Wabajuni, ulivuka kutoka upande wa Kismayu, au ulishuka na malori kutoka Garissa kupitia Masalani, na mvua za gu, yaani masika, zilipougeuza udongo mweusi wa Ijara kuwa tope la kunasa magurudumu, haukufika kabisa. Kitu kinachopatikana kwa shida namna hiyo hakipimwi ovyo. Wafanyabiashara wa pwani walikuja na vipimo vyao na mama zetu wakavishika kama walivyoshika majina ya mababu: vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi moja, pishi sita zinakaribia frasila, na pishi sitini ni jizla. Kwa hesabu ya leo pishi ilikuwa karibu ratili sita, yaani kilo 2.7 hivi, na frasila ilikuwa takriban kilo 16. Nasema karibu, kwa maana kibaba na pishi ni vyombo, na chombo hupima nafasi, hakipimi uzito. Pishi ya mchele na pishi ya mtama hazikulingana zikiwekwa kwenye mizani, na kila mama alilijua jambo hilo bila ya kufundishwa darasani.

Kulikuwa na adabu ya kujaza chombo, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu. Pishi ya mfuto ilijazwa kisha ikapitishwa kijiti mdomoni mpaka nafaka ikawa sawasawa na ukingo. Pishi yenye kilele iliachwa irundikane juu mpaka punje zianze kuteleza zenyewe. Muuzaji na mnunuzi walipatana kwanza ni ipi kati ya hizo, ndipo bei ikatajwa. Jambo la tatu lilikuwa kutikisa. Mchele ukimiminwa polepole hukaa umeachana, punje zikiwa zimepishana kombo na hewa katikati yake. Ukitikiswa au chombo kikigongwa chini mara mbili tatu, punje hulala, na nafasi hupatikana ya konzi nyingine. Mama akimwona muuzaji anamimina kwa upole mno alinyoosha mkono, akakigonga chombo mwenyewe, kisha akasema jaza. Hakuna aliyekasirika. Ilikuwa haki yake na kila mtu sokoni aliifahamu.

Kisha yakaja mambo yaliyotupima sisi wenyewe. Katika miaka ya vita vya Shifta, tangu 1963 hadi 1967, eneo letu lote lilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, sheria ambayo haikuondolewa mpaka 1991, nasi tukawa watu wazima na wazazi chini yake. Watu walikusanywa vijijini, mifugo ikapotea, njia za biashara zikakatika. Kidogo kilichopatikana kiligawanywa kwa mkebe wa maziwa ya unga, kwa sababu pishi za mbao zilibaki kwenye makazi yaliyohamwa na hapakuwa na mizani. Nakumbuka desturi iliyoshikwa wakati huo, na siijui nyingine iliyo ya haki kuizidi: anayegawa huchukua fungu la mwisho. Kwa hiyo aligawa mfuto, mkono wake ukiwa thabiti, kwa maana kila kilele alichompa jirani kilipungua katika chungu chake, na kila punje aliyoibana ilionekana na macho ya wote. Mkebe ule haukuwa na alama ya serikali. Alama yake ilikuwa kwamba ni mmoja kwa wote. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba kipimo kinaweza kuwa kidogo na kikawa cha haki, ilimradi hakibadiliki kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Baada ya uhuru nchi iliachana na ratili na galoni, ikashika kilo na lita, na mizani mpya zikafika hata kwenye maduka yetu ya mabati. Vijana hudhani tulichanganyikiwa. Hatukuchanganyikiwa kwa muda mrefu, kwa sababu tulikuwa tumezoea kuhama kutoka kipimo hadi kipimo. Tulichofanya ni kukijua upya kila chombo cha nyumbani. Mwanamke alinunua kilo moja mbele ya macho yake, akaenda nayo nyumbani, akaimimina katika kikombe chake cha kila siku, mfuto baada ya mfuto, akahesabu. Kikombe cha robo lita, yaani mililita 250, huchukua gramu 200 za mchele mkavu na kidogo zaidi, kwa hiyo kilo ni vikombe vitano. Bilauri ndogo ya mililita 200 itatoa kilo kwa bilauri sita. Sababu yake ni kwamba lita moja ya mchele ina uzito wa gramu 800 hadi 850 tu, si kilo nzima kama lita ya maji, kwa kuwa kati ya punje na punje mna hewa. Mpunga ambao haujakobolewa ni mwepesi zaidi, maana makapi yake hula nafasi. Unga wa ngano ni mwepesi kuliko mchele, na lita yake huzidi nusu kilo kidogo tu. Ndiyo maana mama anayemwambia binti yake atie kikombe cha hiki na kikombe cha kile hajamwambia uzito ulio sawa, na binti anayetumia kikombe cha mchele kukadiria kilo ya unga atakosea karibu kwa theluthi.

Jambo hilo lilitufaa pia kwa gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia ya kilo mbili ambalo sokoni limekuwa kipimo cha nafaka. Mafuta ya kilo mbili hujaza lita mbili na ushei. Mchele wa mfuto katika kopo hilohilo haufiki kilo mbili. Kilele ndicho kinachofidia pungufu. Kwa hiyo anayekuuzia gorogoro ya mfuto kwa bei ya kilo mbili amekupunja, hata kama kopo lake ni zima na halijabonyezwa. Na debe la galoni nne, lita 18 na kidogo, likijazwa mchele linakaribia kabisa frasila ya zamani. Mama zetu wangelifurahia hilo. Debe lilikuja na mafuta ya taa ya Wazungu, na frasila ilikuja na majahazi ya Waarabu, lakini ukiweka mchele ndani vinakutana.

Naomba nikae zaidi kwenye habari ya kopo la msaada, kwa sababu ndilo lililoacha alama kubwa katika rika letu. Ukame wa 1984 uliua ng'ombe kwa namna ambayo wazee waliokuwa hai wakati huo hawakuwahi kuiona. Kisha mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, na ndugu zetu wa upande wa pili wakavuka mpaka wakiwa na walichovaa. Kambi za Dadaab zikafunguliwa, Ifo mwaka 1991, na Hagadera na Dagahaley zikafuata 1992, na ukame wa miaka hiyohiyo ukatufanya sisi wenyeji nasi tuhitaji mkono wa msaada. Chakula kilifika kwa magunia ya kilo 50, lakini hakikutolewa kwa mizani. Kuwapimia maelfu ya watu kwa mizani katika siku moja hakuwezekani, kwa hiyo hutumiwa kopo lililokwisha kukadiriwa: kopo moja hivi la nafaka hii ni uzito huu, makopo mawili ni uzito ule. Ni njia ya busara kama kopo limekadiriwa kwa nafaka inayogawiwa siku hiyo. Likikadiriwa kwa mchele kisha likaletwa gunia la unga, kila mtu anarudi nyumbani na pungufu, na anayegawa anaweza kuapa kwamba hakuiba, na asiwe mwongo.

Hesabu yake ni hii, na tulikuwa tukiifanya kwenye foleni na watoto migongoni. Mashirika ya misaada hukadiria kwamba mtu mmoja kwa wastani, mkubwa kwa mdogo, anahitaji kalori 2,100 kwa siku, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye nafaka, karibu gramu 400. Familia ya watu saba kwa siku 15 ingehitaji kilo 42. Mgawaji akipunguza sehemu moja tu ya kumi, kwa kutokujaza kopo au kwa kumimina bila ya kulitikisa, familia hiyo imepoteza zaidi ya kilo nne, nazo ni chakula cha siku moja na nusu. Siku moja na nusu si kitu kidogo kwa mtoto mdogo. Wanawake wa rika langu, wengi wao wasiojua kusoma, waliliona pungufu hilo kabla ya karani yeyote, kwa sababu walipofika nyumbani waliupima upya mgao kwa kikombe chao wenyewe, wakalinganisha na mgao wa mara iliyopita, wakalinganisha na wa jirani. Walipopeleka malalamiko hawakupeleka kilio kitupu. Walipeleka idadi ya vikombe. Najivunia sana wanawake hao, na wengi wao wamezikwa bila ya mtu kuandika majina yao popote.

Mabati ya mafuta ya msaada ya lita nne yalibaki majumbani nayo yakawa vyombo vya kupimia, na hadi leo utayaona. Bati hilo lililojaa mchele wa mfuto lina kilo tatu na theluthi hivi. Aliyelitambua hilo hakuhitaji mizani mwaka mzima.

Lakini mahali ambapo kipimo cha chombo na kipimo cha uzito hukutana kwa uzito wa kweli ni katika Zaka ya Fitri. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliiamuru kwa pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, mkubwa na mdogo, nayo ni vibaba vinne, na kila kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa. Ni kipimo cha nafasi. Sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafii huitoa kwa kile kinacholiwa na watu wa mahali hapo, na kwetu siku hizi ni mchele. Tulipohamia kilo, kila msikiti ukalazimika kuuliza pishi hiyo ni kilo ngapi, na majibu hayakuwa mamoja, kwa sababu wanazuoni waliopima kwa ngano nzuri walipata kilo mbili na kidogo, na waliopima kwa nafaka nyingine au waliochukua tahadhari wakafika kilo tatu. Vijana wanapoziona tofauti hizo kwenye simu zao hudhani wanazuoni wamepingana katika dini. Hawakupingana katika dini. Walikuwa wakigeuza ujazo kuwa uzito, na kila nafaka ina jibu lake. Wengi hapa kwetu wametulia kwenye kilo mbili na nusu au tatu, nami naona wamefanya vyema. Tena pishi ya mama zetu, ya ratili sita, inaangukia katikati kabisa.

Swali hilo ni la zamani kuliko sote. Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alishikilia kama mwalimu wake kwamba pishi ni ratili nane za Iraki. Alipofika Madina akauliza, na kesho yake wakamjia watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja na pishi chini ya nguo yake, kila mmoja akisema nimeirithi kwa baba yangu, naye kwa wazee wake. Akazipima, akakuta zinalingana, na uzito wake ni ratili tano na theluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake. Nimekisikia kisa hicho tangu utotoni na kila mwaka mwezi wa Ramadhani unapoelekea kwisha hukifikiria upya. Mwanachuoni mkubwa alishindwa na vyombo vya jikoni, na vyombo hivyo vilikuwa na nguvu kwa sababu tu vilitunzwa nyumbani, kizazi baada ya kizazi, bila ya mtu kuvibonyeza wala kuvipanua.

Sasa nije jikoni, ambako wajukuu zangu huniuliza zaidi. Soko la leo linasema kwa uzito, lakini chungu kinasema kwa ujazo, na mpishi husimama katikati. Mchele hauwezi kuambiwa kunywa gramu za maji. Huambiwa kikombe kwa kikombe. Pishori wa Mwea, mashamba yaliyoanzishwa miaka ya 1950, hutosheka na kikombe kimoja na nusu cha maji, au karibu viwili, kwa kila kikombe. Ule mrefu wenye harufu unaotoka Pakistan, ambao ndio umejaa maduka yetu, hauko mbali na hapo. Mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa, wa rangi ya manjano, hudai mbili na zaidi. Mchele wa mavuno mapya hunywa kidogo, na uliokaa ghalani mwaka hunywa sana. Sisi hatukuwa na maandishi ya pakiti. Tuliosha, tukaloweka, tukatia maji, tukasimamisha kidole juu ya mchele, na maji yalipofika pingili ya kwanza tukafunika, kisha maji yalipokauka tukapalia makaa juu ya kifuniko. Kipimo cha kidole kina akili yake: sufuria iwe ndogo au kubwa, kile kinachozidi juu ya mchele ni karibu kimo kilekile, na mpishi hana haja ya kuujua uzito. Hata hivyo kwa sufuria pana sana ya harusi kidole hudanganya, maana kimo kidogo cha maji katika upana huo ni madumu mazima. Hapo mpishi wa harusi hurudi kwenye hesabu ya vyombo.

Na hesabu ya harusi ndiyo iliyokuwa chuo chetu kikuu. Kilo moja ya mchele mkavu hutoa wali wa kilo mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu maji yote yamo ndani yake. Penye nyama ya kutosha, kilo hiyo hushibisha watu wanane. Gunia la kilo 50, watu 400. Mama aliyeaminiwa kupika aliulizwa idadi ya wageni, akatazama waliokuja kwa miguu kutoka mbali na akawaongezea, akatazama watoto na akawapunguzia, kisha akasema debe kadhaa na kisaga juu. Sinia zilikwenda na hazikurudi na mabaki ya aibu, wala hapakuwa na mgeni aliyekaa na njaa akisingizia ameshiba. Leo nimehudhuria harusi ambamo wali ulimwagwa kwa ndoo, na nyingine ambamo wanaume wa safu ya mwisho walikula sinia nusu. Fedha zilikuwapo katika harusi zote mbili. Aliyekosekana ni mtu wa kuigeuza kilo kuwa sinia.

Sitaki vijana wafikiri nawadharau. Wamebeba mzigo wao. Rika letu lilizika mifugo katika ukame wa miaka mingi, nao wamezika mifugo yao katika ukame wa 2011, na tena katika ule uliomalizikia 2023 baada ya misimu mitano ya mvua kukosa. Wamekua wakati ambapo msitu wa Boni, uliokuwa maficho yetu na malisho yetu, umekuwa mahali pa kuogopwa. Tena wana uangalifu ambao sisi hatukuwa nao. Kijana wa leo anaweza kufuata bei ya mbuzi dhidi ya bei ya kilo ya mahindi katika taarifa za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, akajua mapema kwamba mbuzi mmoja ananunua nafaka kidogo kuliko mwezi uliopita, akauza kabla ya njaa kufika. Sisi tulilijua jambo hilo tukiwa tayari tumechelewa. Na mizani ina haki yake: kopo lililobonyezwa kitako halishtakiki kwa urahisi, ilhali mizani ya dukani hukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo ya Kenya, Sura ya 513. Nimeona vikopo vilivyogongwa chini kwa nyundo vikapungua konzi nzima. Mizani imetuondolea dhuluma hiyo kwa kiasi kikubwa, na anayetaka turudi kwenye kibaba peke yake hakumbuki vizuri.

Ila mizani inaishia mlangoni mwa duka. Binti wa jamaa yetu aliyeolewa Minneapolis hunipigia simu na maswali ambayo sikutegemea kuulizwa katika umri huu. Kikombe cha Marekani ni mililita 240 hivi, si 250. Kikombe kinachokuja ndani ya sanduku la jiko la umeme la kupikia wali ni cha Kijapani, mililita 180, na huchukua gramu 150 tu za mchele. Aliposoma vikombe vinne akatumia hiki badala ya kile, watu sita walipata chakula cha wanne na nusu. Mwingine, hapa hapa Masalani, aliambiwa na muuguzi ampe mtoto gramu mia za wali, akapima gramu mia za mchele mkavu. Gramu mia za mchele mkavu zina karibu kalori 360. Gramu mia za wali uliopikwa zina kama 130. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, au kwa mzee mwenzangu mwenye sukari anayehesabiwa chakula chake, tofauti hiyo haifai kuachwa kwa kubahatisha. Muulizeni muuguzi: mkavu au uliopikwa? Hamtaonekana wajinga. Ni swali la mtu anayejua chakula.

Basi nawaomba, mabinti zangu na vijana wa kiume pia, maana siku hizi mnapika kwenye vyumba vya vyuo huko Garissa na Nairobi. Kabla ya Ramadhani ijayo, chukueni kikombe kimoja cha nyumbani, kile msichokivunja wala kukibadilisha. Nunueni pakiti ya mchele ya kilo mbili, muimimine kwa kikombe hicho, mfuto kwa kijiti, bila ya kutikisa, na mhesabu vimetoka vikombe vingapi. Rudieni kwa kutikisa, mwone tofauti. Kisha kijazeni maji na mkipeleke dukani kipimwe: ondoeni uzito wa kikombe kitupu, na gramu zinazobaki ndizo mililita zake. Andikeni idadi hizo kwa msumari ubavuni mwa kikombe, ya mchele, ya unga na ya maji. Wenye maduka wa Sangailu, msiwakatalie mizani zenu kwa kazi hiyo, hata kama hawanunui kitu siku hiyo. Na mkifika kwenye sufuria ya harusi na hamjui pa kuanzia, sisi wa kibaba bado tuko, wachache, mkono haujatetemeka na jicho bado linaona ukingo wa chombo. Njooni mtuulize mwaka huu.